Mkia Umedondoka: Kurekebisha Phrasal Verbs za Kiingereza katika Kauli ya Kutendwa

Mtu aliniandikia ujumbe wa Kiingereza: "Our house was broken last night." Nikampigia simu mbiombio nikidhani ukuta umeanguka. Kumbe wezi walikuwa wameingia wakabeba televisheni, na ukuta ulikuwa mzima. Kwa Kiswahili asingekuwa na kosa lolote, maana nyumba ikiingiliwa na wezi tunasema imevunjwa. Kwa Kiingereza alikosa neno moja dogo, "into", na neno hilo ndilo lililobeba wezi. "Our house was broken into" ndiyo habari aliyotaka kunipa.

Vitenzi vya namna hii, vyenye shina na kipande kidogo kinachofuata kama "up", "off", "into" au "after", ndivyo vinavyofundishwa kwa jina la phrasal verbs. Kipande hicho kidogo nitakiita mkia. Wanasarufi wakali hutenga mkia ulio kielezi, kama "off" ya "call off", na mkia ulio kihusishi, kama "at" ya "laugh at", na wengine hulitumia jina la phrasal verbs kwa kundi la kwanza tu. Kwa kazi yetu ya leo tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Ukitaka kutendwa, yambwa, yaani mtu au kitu kinachofikiwa na tendo, huhamia mwanzo wa sentensi, shina huchukua umbo la tatu (kama "broken" katika break, broke, broken) baada ya "be", na mkia unabaki umeng'ang'ania shina. Kanuni ni fupi. Matatizo yake si mafupi, na ninayapanga hapa kuanzia yale ninayokutana nayo zaidi ninaposahihisha kazi za watu.

Dalili: sentensi inaonekana nzima, lakini mkia haupo

"She was laughed." "The children were looked by their aunt." "The matter was looked." Hizi zote zimeandikwa na watu wanaojua Kiingereza vizuri, na ambao katika kauli ya kutenda wasingekosea.

Chanzo cha kwanza ni utajiri wa Kiswahili chenyewe. Sisi tunamcheka mtu, naye anachekwa. Tunawatunza watoto, nao wanatunzwa. Tunalichunguza suala, nalo linachunguzwa. Kitenzi kimoja kinafika kwa yambwa bila kuomba msaada. "Laugh" ya Kiingereza haina mkono mrefu hivyo. Bila "at" haimfikii mtu, inaishia hewani. Kwa hiyo ukiwa na shaka, irudishe sentensi yako katika kauli ya kutenda uone kama inasimama. "They laughed her" haisimami. "They laughed at her" inasimama. Chochote kilichokaa kati ya kitenzi na yambwa kule, lazima kionekane na huku: "She was laughed at." Vivyo hivyo "The children were looked after by their aunt" na "The matter was looked into."

Chanzo cha pili ni hofu iliyopandwa darasani, kwamba sentensi ya Kiingereza haifai kuishia na kihusishi. Hofu hii ni kongwe. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa tabia hiyo hiyo, na walimu wameibeba tangu hapo. Waandishi wa Kiingereza wenyewe hawakuwahi kuitii kwa pamoja, na katika kauli ya kutendwa haiwezekani kabisa kuitii. Yambwa ikishahama, mkia hauna mahali pengine pa kwenda. Jaribu kuuweka "at" mwanzoni mwa "She was laughed at" uone unachopata. Basi achana na hofu hiyo, uache "at" ikae mwisho.

Chanzo cha tatu kinatoka machoni. "Looked after by" inaonekana kama vihusishi viwili vimegongana, na "looked up to by" kama vitatu, basi mwandishi anafuta kimoja ili pasiwe na msongamano. Usifute. "By" ni ya mtenda, na vilivyobaki ni mali ya kitenzi. "He was looked up to by everyone" maana yake aliheshimiwa na wote. "He was looked up by everyone" ni habari nyingine: kila mtu alimtafuta, labda kwenye orodha au intaneti. Vitenzi vyenye mikia miwili huathirika zaidi hapa. "Look down on" ni kudharau, "put up with" ni kuvumilia, "do away with" ni kuondoa kabisa, na mikia yote miwili husafiri pamoja: "They were looked down on", "Such noise cannot be put up with", "The old system was done away with." Siyo sentensi nzuri sana masikioni, hilo nakubali. Ile ya kelele mimi ningeiandika kwa kauli ya kutenda.

Sentensi iliyokosa mkia mara nyingine huwa mbovu waziwazi, na hapo hakuna hasara kubwa. Hatari ni pale inapobaki sahihi huku imegeuka maana. "The meeting was called" ni kikao kimeitishwa. "The meeting was called off" ni kikao kimefutwa. Umeacha herufi tatu tu, na watu watafika ukumbini. "The boy was brought by his grandmother" ni mtoto aliyeletwa na bibi yake, pengine leo asubuhi. "The boy was brought up by his grandmother" ni mtoto aliyelelewa naye. "He was taken" alichukuliwa. "He was taken in" alidanganyika akaingia mkenge, au alikaribishwa nyumbani kwa mtu, kutegemea muktadha. Kikagua tahajia cha kompyuta hakitakwambia neno.

Dalili: unafasiri kauli yetu ya kutendea, na sentensi inavunjika mikononi

Hapa ndipo ninapopapenda, kwa sababu Kiswahili kinakusaidia hadi nusu ya njia kisha kinakuacha.

Angalia msaada kwanza. Lala, lalia, laliwa. "Kitanda hiki kimelaliwa." Kitanda hakilali, ila kuna mtu amelala juu yake, na ile "i" inayoingia kabla ya "wa" ndiyo inayoleta habari hiyo. Kiingereza kinafanya kazi ileile kwa mkia: "This bed has been slept in." Kaa, kalia, kaliwa: kofia yangu imekaliwa, "My hat has been sat on." Foka, fokea, fokewa: alifokewa, "She was shouted at." Nyesha, nyeshea, nyeshewa: tulinyeshewa, "We were rained on", au kwa mazungumzo, "We got rained on." Andika, andikia, andikiwa: waliandikiwa, "They were written to." Ukizoea kuuona mkia wa Kiingereza kama ndugu wa hiyo "i" au "e" yetu, hutausahau tena. Anayeandika "This bed has been slept" amefanya sawa na anayesema "kitanda kimelalwa" akidhani amemaliza.

Sasa upande wa pili. Tuna vitenzi vya kutendewa ambavyo Kiingereza hakina hamu navyo kabisa. "Tumeishiwa mafuta" ni kauli ya kutendwa kwetu, na nimeona mtu ameandika "We were run out of fuel." Kiingereza husema kwa kauli ya kutenda: "We have run out of fuel", au "The fuel has run out." Yule "were" anaharibu kila kitu, maana "to be run out of" mahali fulani ni kufukuzwa mahali hapo. "Nilipitiwa na usingizi" huwa "I dozed off" au "I dropped off", na hakuna wa kumpitia mtu. "Amefiwa na baba yake" haina njia ya moja kwa moja: "Her father passed away", na kiima kinabadilika kutoka kwa mfiwa kwenda kwa marehemu. Nje kidogo ya mada, lakini ni ugonjwa uleule: "Nimeibiwa simu" mara nyingi hugeuka "I was stolen my phone." Mtu haibwi hivyo kwa Kiingereza, asije msomaji akafikiri ametekwa. Simu ndiyo inayokaa mbele: "My phone was stolen."

Namna ya kujikinga ni kujiuliza nani anamfanyia nani nini. Katika kulaliwa kuna mtu aliyelala, katika kufokewa kuna aliyefoka, hata katika kunyeshewa kuna mvua. Katika kuishiwa hakuna aliyeyafanya mafuta yaishe. Hali imetukuta tu. Kiingereza hakipendi kutumia "be" na umbo la tatu kwa hali iliyotukuta bila mtenda.

Dalili: "was" imejipachika pasipotakiwa

"I was grown up in a village." "The car was broken down on the way." "He was passed away last year."

Nadhani mzizi ni kauli ya kutendeka. Gari limeharibika, kamba imekatika, taa imezimika. Kwa maana zinakaribiana na kutendwa, na mwandishi akizifikiria hivyo anatafuta "was". Lakini phrasal verbs nyingi hazina yambwa tangu mwanzo, na kitenzi kisicho na yambwa hakina cha kuhamisha mbele. Gari "broke down", mgonjwa "passed away", bomu "went off", taa "went out".

Ukitaka kumtaja mtenda, mara nyingi lazima ubadilishe kitenzi chenyewe, siyo kukibandika "was". Taa ikizimika yenyewe "it went out", ikizimwa "it was put out" kama ni ya moto, au "it was turned off" kama ni ya umeme. Kengele ya hatari ikilia "it went off", ikichokozwa na mtu au moshi "it was set off". Hoja ikijitokeza kikaoni "it came up", ikiletwa na mjumbe "it was brought up". Na wewe mwenyewe ulikua, "I grew up", au ulilelewa, "I was brought up". "I was grown up" ni mseto wa hizo mbili, na ndiyo maana haishikiki. "Blow up" ni mojawapo ya zile zinazokaa pande zote. Daraja "blew up", yaani lililipuka, na daraja "was blown up", yaani kuna waliolilipua.

Kuna mitego miwili ambayo lazima niitaje, maana msomaji makini atanikatalia. "My children are grown up now" ni sahihi. Pale "grown up" ni sifa ya watu wazima, haihusu tendo la kulelewa. Na "The figures are broken down by month" ni sahihi pia, kwa sababu "break down" hapo ni kuchambua kitu vipande vipande, nayo ina yambwa. Kitenzi kilekile, kazi nyingine. Kwa hiyo usikariri orodha ya vitenzi visivyotendwa. Kariri maana.

Kundi hili lina jamaa mmoja sugu: "The team is consisted of ten people." "Consist of" haitendwi kamwe. Ama sema "The team consists of ten people", ama, kama moyo wako unataka kutendwa, "The team is made up of ten people", ambayo ni phrasal verb halali iliyotendwa.

Dalili: mkia upo, shina ndilo limeoza

"The offer was turn down." "The trip was call off." Kosa hili ni la sikio. "Turned down" ikitamkwa haraka, "d" ya mwisho wa neno la kwanza humezwa na "d" ya mwanzo wa neno la pili, na hubaki kusikika "turn down". Katika "called off", "d" inahama kabisa na kusikika kama imeanza neno la pili, kitu kama "call doff". Mwandishi anaandika alichosikia. Dawa yake ni kutokiamini kiungo cha sikio hapa: baada ya "be", shina lazima liwe umbo la tatu hata kama hulisikii.

Upande mwingine kuna mashina yenye maumbo yake, na watu huweka umbo la pili badala ya la tatu. "The company was took over" iwe "taken over". "Was threw away" iwe "thrown away". "Was drew up" iwe "drawn up", kwa mkataba ulioandaliwa. "Was tore down" iwe "torn down", kwa jengo lililobomolewa. "Was gave up" iwe "given up". "Put", "cut", "set" na "shut" hazibadiliki, zinakupumzisha.

Tendo linaloendelea lina kasoro yake, nayo ni kupotea kwa "being". "The issue is looking into" ina maana kwamba suala lenyewe linachungulia ndani ya kitu. "The issue is being looked into" ndiyo "suala linachunguzwa". Kwetu "na" ya wakati na "wa" ya kutendwa zinakaa ndani ya neno moja, kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba Kiingereza kinataka maneno mawili ya kusaidia, "is" na "being", kabla ya shina kufika.

Dalili: kuna kitu kimekwama katikati ya kitenzi

"The form which was filled it in." Hiyo "it" imetoka katika "fomu niliyoijaza", ambamo "i" ya fomu imo ndani ya kitenzi. Sikiliza Kiswahili chako vizuri zaidi: ukisema "fomu iliyojazwa", ile "i" ya yambwa umeshaiacha mwenyewe. Iache na kwa Kiingereza: "the form which was filled in". Wamarekani hupenda "filled out", na zote mbili ni sawa.

Kielezi kinachoeleza namna, kama "carefully" au "flatly", kiweke kabla ya shina: "The proposal was flatly turned down", "The matter was carefully looked into." Ukikisukuma kati ya shina na mkia, kuna sentensi zitakazokubali na nyingi zitakazolalamika, na haifai kubahatisha.

"By" na "with" huchanganywa pia. Aliyetenda anachukua "by", kifaa au kitu kilichotumika kinachukua "with": "The fire was put out by the neighbours with sand." Kiswahili kinatenga vilevile, moto ulizimwa na majirani kwa mchanga, kwa hiyo kama hujui utumie ipi, tafuta "na" na "kwa" zako.

Dalili: kila kitu ni sahihi kisarufi, lakini Mwingereza anakunja uso

Vipo vitenzi vyenye yambwa visivyopenda kutendwa. "Take after", kufanana na mzazi, ni mfano mzuri: "She takes after her mother" ni sawa, lakini mama hawezi kuwa "taken after". "Run into" ni hatari zaidi. Kukutana na rafiki kwa bahati ni "I ran into an old friend." Ukiigeuza, "I was run into by an old friend", msikilizaji anaona ajali na kuuliza kama uliumia. Na mkia ukiwa na maana ya mahali tu, bila tendo kumgusa wala kukibadilisha kitu, kutendwa hakupendezi: suala linaweza kuwa "gone into", kwa maana ya kuchambuliwa, ila pango ambalo mtu ameingia halisemwi hivyo. Kitanda kilicholaliwa kinaacha alama kwenye shuka. Pango halina habari na wewe.

Kabla ya kuandika, sema sentensi kwa sauti. Mkia ulio kielezi hutiliwa mkazo: was called OFF, was turned DOWN, was brought UP. Mkia ulio kihusishi kwa kawaida hautiliwi, mkazo unabaki kwenye shina: was LAUGHED at. Lakini hata huo, ukiwa mwishoni mwa sentensi, irabu yake hutamkwa wazi, haimezwi kama inavyomezwa katikati. Ukijisikia unaumeza, huenda kalamu nayo itaumeza.

Tujaribu sentensi moja niliyoletewa, yenye magonjwa matatu kwa mpigo: "Your application was look and it was turned by the committee because the form was not filled it." Kwanza shina la "look" linataka umbo la tatu na mkia, maana hakuna anayeweza "look an application". Kamati haikuligeuza ombi, ililikataa, kwa hiyo "turned" inadai "down". Fomu inataka "in", na "it" iondoke. Na kwa kuwa fomu ilikuwa haijajazwa kabla ya kamati kukaa, "was" ya mwisho ni bora iwe "had been": "Your application was looked at, but it was turned down by the committee because the form had not been filled in."